Aliyelala Chini ya Mchanga

Wiki iliyopita maji yalikatika mtaani kwetu hapa Dodoma. Yaliporudi, bomba la jikoni lilikohoa, likatema hewa, kisha likamwaga maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nimeshika sufuria. Harufu iliyopanda kutoka kwenye sinki ilikuwa ya udongo uliokaa mkavu muda mrefu halafu ukashtukizwa na maji, na ndani yake kulikuwa na majani yaliyooza na mavi ya ng'ombe. Mwanangu mkubwa alinikuta nimekaa sakafuni, bomba likiendelea kumwaga.

"Mama, vipi? Unaumwa?"

Nikamwambia siumwi, nimekumbuka nyumbani tu. Akafunga bomba akaenda zake. Sikumweleza, maana jambo lenyewe haliwezi kusemwa kwa mtu aliyesimama mlangoni na simu mkononi. Lakini ninyi mliokua wakati wangu, mliochota maji kwa kuchimba, naona mtanielewa bila maneno mengi.

Kwetu ni Itilima, upande wa Mwamapalala, karibu na mto Simiyu. Mgeni akisikia mto hudhani ni maji. Sisi tuliujua kama barabara pana ya mchanga mweupe iliyopita katikati ya mashamba ya pamba, yenye kingo ndefu za udongo mwekundu na miti ya miiba juu yake. Maji yalikuwepo, ila yalikuwa chini. Ulichimba kwa mikono ukayafikia, ukangoja yajikusanye, ukayachota kwa kibuyu polepole ili usiyavuruge. Kiangazi kikikaza, kisima kilizama hadi mtu mzima akaingia mzima mzima, na aliye juu akapokea ndoo.

Huko chini, alisema bibi yangu mzaa baba, alilala Liyoka. Kwa Kiswahili tungesema lijoka. Bibi hakuwa msimuliaji wa kuketi na kukusanya watoto. Alisema habari zake akiwa anafanya kazi, akichambua pamba au akipepeta mtama, kama mtu anayeeleza habari za jirani. Liyoka alikuwa mrefu kuliko mto. Mkia wake uko ziwani, kichwa kiko mbugani, upande wa Serengeti. Akiona njaa hujigeuza, na anapojigeuza hushuka mtoni kwa ngurumo, kichwa kimeinuliwa, anakusanya chochote kilicho njiani. Na ushahidi kwamba ni kiumbe hai ni huu: huja wakati kwetu hakujanyesha hata tone.

"Na watu anaowachukua, anawala?" niliwahi kumuuliza.

"Awale ili iweje? Ana ng'ombe wengi kule chini. Anataka wachungaji."

Baba yangu aliitwa Mabula, jina la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kucheka bila sauti. Mabega ndiyo yaliyocheka. Sijui aliamini kiasi gani maneno ya mama yake. Ninachojua ni kwamba kila alipofika ukingoni mwa mto alivua kandambili zake za tairi, akazining'iniza kwenye usukani wa baiskeli, akavuka miguu mitupu hata mchanga ulipokuwa wa moto kiasi cha kumfanya atembee kwa vidole. Nami alinivua viatu. Nikamuuliza kwa nini.

"Utamkanyaga mtu kichwani na viatu?" alinijibu, mabega yakicheka.

Siku ile ilikuwa ya mnada. Mama alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, anakaa mlangoni zaidi ya anavyotembea. Baba na mdogo wake, baba mdogo Luhende, walikwenda mnadani kuuza dume na kumnunulia mama godoro, maana alikuwa akilala juu ya magunia na mgongo ulimuuma. Mchana ukageuka alasiri. Bibi alinichukua twende mtoni kuchota maji, na kwa kweli nadhani wote wawili tulikwenda kuwangoja.

Juu yetu mbingu ilikuwa nyeupe, safi. Mbali sana, upande wa mbugani, kulikuwa na weusi mdogo chini kabisa, kama moshi wa mtu anayechoma shamba. Bibi aliuangalia, akaendelea kuchota. Kisima chetu kilikuwa hapo hapo chini ya ukingo.

Nikawaona ng'ambo. Baba mdogo Luhende alikuwa mbele na mzigo wa chumvi na sabuni kichwani. Baba alikuwa nyuma anasukuma baiskeli, na juu ya keria ya nyuma kulikuwa na godoro limekunjwa, limefungwa kwa mpira, ndani ya nailoni yenye maua mekundu. Nikaruka nikapiga kelele. Baba akainua mkono. Kisha akainama, akavua kandambili, akazining'iniza kwenye usukani kama kawaida yake, akaingia mchangani. Baiskeli ilizama matairi, ikabidi aisukume kwa kifua.

Alipofika katikati baba alisimama. Akaegemeza nyonga kwenye baiskeli, akainua mguu mmoja, akaanza kuuchunguza. Mwiba. Kulikuwa na miiba mingi mtoni, ilianguka kutoka kwenye ile miti ya ukingoni. Baba mdogo alikwisha kufika upande wetu, anapanda ukingo, akageuka kumtazama.

Sauti ilianza kama malori ya pamba, yale yaliyokuja msimu wa kununua, lakini mengi, na hayakufika. Mchanga chini ya nyayo zangu ulitetemeka. Bibi alinishika mkono wa juu, pale penye nyama, akanivuta ukingoni kwa nguvu ambayo sikujua kwamba anayo, ndoo ikabaki, kibuyu kikabaki. Halafu akageuka akapiga ukelele ambao nikifumba macho nausikia.

"Liyoka! Mabula, mwanangu! Liyoka!"

Nami nilimwona. Nasema nilimwona, na sitabadili neno hilo hata leo. Alitokea kwenye kona ya mto kichwa kimeinuka kuliko mtu, rangi ya kahawia, povu mdomoni, amebeba magogo na matawi ya miiba, na mbele yake vumbi lilikuwa linakimbia kana kwamba nalo limeogopa. Aligonga ukingo mmoja, akajipinda, akagonga wa pili. Baba aliweka mguu chini. Aliangalia kushoto, akatuangalia sisi, kisha akafanya jambo ambalo mama alikuja kuliuliza maisha yake yote: hakuiacha baiskeli. Aliinamia usukani akasukuma. Baba mdogo alitupa mzigo akateremka, akaingia mchangani akamkimbilia, mkono mbele.

Kilichofuata nakikumbuka vipande vipande: maua mekundu ya ile nailoni yakipanda juu ya povu, yakizama, yakipanda tena mbali, na baba mdogo amekumbatia mzizi wa mti ukingoni, maji yakimpiga, mdomo wazi bila sauti. Na harufu hiyo niliyoinusa juzijuzi jikoni kwangu.

Wanaume walitembea kingo zote mbili, kijiji hadi kijiji, wakiuliza. Watu wa chini ya mto walikuta godoro limenasa juu ya mti, wakalirudisha, likaegemezwa ukutani likauke, na mama akalitazama siku nzima bila kuligusa. Baba hakuonekana. Maji yalipungua haraka kama yalivyokuja. Mchanga ukarudi, laini, mweupe, umepangika upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuukanyaga.

Majirani walikuja na kuni, wakakaa uani wakingoja waambiwe kama ni msiba. Ndipo bibi alipotoka nyumbani mwake na kusema mbele ya wote, "Hapa hakuna msiba. Mwanangu hajafa. Amechukuliwa." Akachukua chungu kilichokuwa kinachemka kwa ajili ya waombolezaji, akakitua kutoka motoni.

Jamani, nilifurahi. Niwe mkweli kwenu, nilifurahi sana. Bibi kwa sentensi moja alinirudishia baba. Baba yuko chini, anachunga. Nilijua hata ng'ombe wake watakuwa wa rangi gani. Wenzangu walipokwenda kuchota maji mtoni nilikuwa wa kwanza kushika kibuyu, maana maji yalitoka huko aliko. Nililala kifudifudi, nikaweka sikio juu ya mchanga uliolowa, nikasikia kitu kama mvumo, nikamwambia, "Mwadila, baba," salamu yetu ya jioni, nikangoja. Watu wazima wakichimba kisima kirefu niliogopa watatoboa paa la nyumba yake, niliwaomba wachimbe mbali kidogo. Walinitazama, wakasogea hatua chache. Mama mmoja alifunika uso kwa khanga, nikadhani amekasirika.

Kila jioni bibi alimega ugali wa baba, akauweka kwenye sahani ya bati na michembe kidogo, yale matobolwa ya viazi vikavu, akaufunika. Asubuhi aliwapa kuku.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa sayansi aliyetoka Tanga, Mwalimu Shabani. Alikuwa mtu wa kanzu siku ya Ijumaa, mpole, Kiswahili chake kirefu na laini, nasi tulimcheka kwa sababu alimwamkia hata mwendesha punda kwa maneno mengi. Alikuja nyumbani kutupa pole. Alikaa kwenye kigoda, akamwambia bibi kwa heshima, "Shikamoo mama. Nimesikia, na nimeumia. Mungu awape subira."

"Marahaba. Subira tunayo," bibi alisema. "Tunamsubiri."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Hakubishana naye, na kwa hilo bado namheshimu. Lakini watoto shuleni walianza kukataa kwenda kuchota maji, na wengine walilia usiku, wazazi wakalalamika. Basi siku moja alitutoa nje. Alikuwa amekunja bati kuukuu likawa kama mfereji, akaliegemeza kwenye tofali. Ndani akaweka mchanga mkavu, na juu ya mchanga akanyunyiza pumba na majani makavu.

"Tazameni mbele ya maji," alisema. "Msitazame nyuma, tazameni mbele."

Akamimina maji kwa kikombe kule juu. Hayakuteremka kimya kimya kama nilivyotarajia. Mchanga mkavu uliyazuia, yakajikusanya, yakainuka, yakaanza kusukuma pumba na majani, na mbele pakawa na mdomo mnene, mchafu, wenye povu, uliojipinda kutoka ukuta mmoja wa bati hadi mwingine.

"Liyoka!" mtoto mmoja akapiga kelele, darasa zima likacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha watu waliopona.

"Mnaona," Mwalimu alisema. "Waliomwona hawakusema uongo. Ana kichwa, ana sauti, anajipinda. Mvua imenyesha mbali, mbugani, ninyi hapa mna jua. Maji yanateremka kwenye mto mkavu, yanazoa kila kitu, yanafika kwenu yakiwa hivi. Wazee wenu waliona vizuri kabisa. Walichoongeza ni jina tu."

Mimi ndiye sikucheka. Nilisimama. Sikumbuki kama nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, kama ni maji tu, baba yangu yuko wapi?"

Kicheko kilikatika. Mwalimu Shabani alikuwa bado ameshika kikombe. Alikiweka kikombe chini, akanijia, akaweka kiganja juu ya kichwa changu, na hivyo ndivyo alivyonijibu. Nilimchukia. Nilikwenda nyumbani bila ruhusa, na kwa muda mrefu nilipomwamkia, shikamoo yangu niliimeza nusu.

Sasa nadhani mnaona nyumba yetu ilivyokuwa. Mama alitaka kulia na hakuwa na mahali pa kulilia. Katekista alimwambia kwamba hata bila mwili sala inaweza kufanyika, waweke nguo za baba waziombee. Mama akalileta jambo hilo kwa bibi akiwa amepiga magoti, mkono umeshika tumbo.

"Mayu," alisema, yaani mama, maana ndivyo alivyomwita mama mkwe wake, "naomba tumlilie mume wangu. Nimechoka kukaa hivi. Si mjane, si mke."

"Ukimlilia mtu aliye hai unamuua."

"Yalikuwa mafuriko, mayu. Mvua ilinyesha mbugani. Kila mtu anajua."

Nilikuwa nyuma ya ghala ya mtama. Nilisikia bibi akisema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, ndogo, kama ya mtoto aliyekatazwa kitu, akimwita mama kwa jina langu:

"Kama ni maji tu, mama Minza, basi nilimfundisha mwanangu kuvua viatu kwa ajili ya nini?"

Mama aliinuka kwa shida, akamshika bibi bega, akaenda kulala. Mimi sikuelewa. Nilimwona mama kama mtu asiyempenda baba, anayetaka afe haraka ili mambo yaishe. Ilinichukua miaka mingi, hadi na mimi nikawa na watoto wa kuwafundisha hili na lile, ndipo sentensi ile ya bibi iliponifikia, na ule mwiba nikauona upya. Bibi naye aliuona. Alikuwa amesimama pamoja nami ukingoni, akamwona mwanawe anainua mguu mtupu katikati ya mto. Kama chini kulikuwa na Liyoka, basi alikuwa amemfundisha adabu. Kama hakukuwa na kitu, basi alikuwa amemfundisha nini?

Baba mdogo Luhende alikuwa katikati yao. Mama akimuuliza, alisema ni maji. Bibi akimuuliza, alisema ni Liyoka. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema yote mawili siku moja. Nikamfuata zizini anakokamua.

"Baba mdogo, ni nyoka au ni maji?"

Alikamua kidogo bila kunitazama. Maziwa yakapiga kibuyuni, halafu yakaacha.

"Sijui, ng'wanone, mwanangu. Wote mnaniuliza kichwa kilikuwaje. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Niliangalia mkono tu."

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Mama alijifungulia juu ya lile godoro. Hakukuwa na jingine. Mama alitaka aitwe Mabula. Bibi akasema mtoto atapewa jina na baba yake akirudi. Mama, ambaye angeweza kwenda kwa katekista akamwandikisha jina lolote, alikubali kungoja. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya lile swali la viatu. Basi mdogo wangu akakaa bila jina, tukimwita Kadogo, yaani yule mdogo, akaanza kucheka, akaanza kukaa, meno yakatoka, watu wakiuliza jina tunaangalia pembeni.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Pamba ilikuwa imekwisha kuvunwa, mashamba yamebaki vijiti, ng'ombe wamekonda nyonga zimetokeza. Visima vya karibu vilikauka, tukahamia kona ya chini ya mto, mahali ambapo maji hukaa chini zaidi lakini hukaa muda mrefu. Baba mdogo alichimba hadi hakuonekana. Bibi alipokea mchanga kwa karai, mama akiwa amekaa pembeni na Kadogo mgongoni, mimi nikiumwaga.

Tukasikia jembe limegonga chuma.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Baba mdogo aligonga tena, polepole, kisha akaacha. Nikachungulia. Alikuwa amepiga magoti anafuta mchanga kwa kiganja, na kutoka mchangani kulikuwa kumetokeza usukani wa baiskeli, na mpira wa plastiki wa kushikia, wa bluu, ambao niliujua kwa sababu ulikuwa na alama za meno yangu nilipokuwa mdogo. Nikafurahi tena, nikasema kwa sauti, "Amefika! Yuko hapa chini!"

Baba mdogo alikuwa ameinua uso, midomo inacheza.

"Toka," bibi alimwambia.

"Mayu, acha nikaite wanaume."

"Nimesema toka, Luhende."

Akapanda. Bibi alifunga khanga yake kiunoni, akaweka mguu kwenye ngazi tuliyokata kwenye mchanga, akashuka mwenyewe. Hakutaka jembe. Mama alinivuta akaniziba macho kwa tumbo lake, kwa hiyo sikuona alichokiona bibi, nanyi msinidai habari hizo. Nilisikia mikono yake tu. Ilikuwa inakwangua mchanga, inakwangua, inakwangua, kama mbwa, halafu ikaanza kwenda taratibu, halafu ikawa kama mtu anayempangusa mtoto uso.

Aliposhikwa mkono akatolewa, magoti yake yalikuwa yamelowa na kucha zinatoka damu. Alimwendea mama. Nilidhani atampiga. Akamfungua Kadogo mgongoni, akamshika kwa mikono ile yenye mchanga, akamwinua usawa wa uso wake.

"Mabula," akamwita. Mtoto akacheka, maana alikuwa wa kucheka na kila mtu.

Tulimzika nyumbani, karibu na boma la ng'ombe, kama wanavyozikwa wenye kaya zao. Watu walikuja wengi. Mwalimu Shabani alikuja, akashika sepetu na wanaume wengine, jasho likamlowesha kanzu, na hakusema lolote kuhusu maji wala mvua. Safari hii chungu cha waombolezaji hakikutuliwa. Mimi nilizunguka katikati ya miguu ya watu wazima, nangoja. Nilikuwa sijalia. Katika akili yangu kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelieleza: kama Liyoka amemtoa baba, mbona amemtoa hivi, na ng'ombe wake amemwachia nani?

Siku ya kumaliza matanga wanawake walinyoana. Mama alikaa chini uani, katikati ya magoti ya bibi, na bibi akamnyoa kwa wembe mpya, taratibu, akichovya maji kwenye bakuli. Nywele za mama zilikuwa nyingi. Zilianguka kwenye gunia. Walipomaliza walibadilishana. Bibi akakaa chini, mama akakaa kwenye kigoda nyuma yake. Nywele za bibi zilikuwa nyeupe na laini kama pamba inayobaki kwenye kikonyo baada ya mavuno, na chini yake nikaona kichwa chake kilikuwa kidogo sana. Walikuwa hawajawahi kukaa karibu hivyo tangu ile alasiri ya mnada.

Nikasogea nikachuchumaa mbele ya bibi. Nilimwuliza yeye kwa sababu ndiye niliyemwamini.

"Bibi, Liyoka amemtapika baba kwa sababu gani? Alichunga vibaya?"

Mama aliacha kunyoa. Wembe ulikuwa karibu na sikio, bibi hakuweza kugeuza kichwa, alinitazama tu kwa macho yake. Nikaona anafikiri. Leo najua alikuwa na majibu mengi mazuri ya kunipa, hadithi aliijua mwanzo mpaka mwisho na angeweza kuiongeza upande wowote. Ningeamini chochote.

"Yalikuwa maji, ng'wanone," alisema.

"Maji tu?"

"Maji tu."

Ndipo nilipolia. Nililia kwa ajili ya baba, na kwa wale ng'ombe wote wa chini ya mto waliokufa siku ile moja, na nyumba yenye paa, na mvumo nilioupa salamu nikiwa nimelaza sikio kwenye mchanga baridi. Nililia mpaka nikatapika. Bibi alinivutia kifuani, vidonda bado viko kwenye kucha zake, na juu yetu nikasikia mama naye ameanza, kwa sauti, kama mtu anayetua mzigo aliopanda nao mlima mzima.

Kisha alipangusa machozi kwa nyuma ya kiganja, akachovya wembe kwenye bakuli, akaendelea kumnyoa bibi upande uliobaki.